Fundi wa Meno Aliyenikomazia Visu

Hakuwa mtu wa kukuangalia machoni. Aliangalia midomo. Ukimsalimia hapa Bukavu, kwenye mteremko unaoshuka kutoka Kadutu kwenda Nyawera, alingoja uzungumze kidogo, aone meno, ndipo akujue. Majina yalimpita kama magari. "Aa, weye ule wa jino ya mbele yenye kuinama," angesema, na mtu mzima mwenye koti na mkoba akajikuta anafumba mdomo kama mtoto aliyelamba sukari ya wageni. Mimi aliniita Pengo, kwa sababu ninalo, upande wa kushoto, na ndilo lililotukutanisha. Mimi nilimwita Papa Fundi, kama wengine wote. Alizaliwa wapi, na babu zake walitoka pwani ipi na mizigo gani, waulize wanaopenda mambo ya ukoo. Mimi nilimfahamu kuanzia kwenye tanuru lake.

Nisiwafiche: tanuru lile ndilo lililokula macho yake. Na miaka ya mwisho liliyala kwa ajili ya visu vyangu. Yeye alijua, mke wake alijua, mimi nilijua. Picha ya mtu huyu inayoanzia mahali pengine itakuwa picha ya pasipoti tu.

Inabidi niseme kidogo juu yangu, ingawa hakuna mengi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma ya Serikali, nikaitundika ukutani, na tangu siku hiyo sisi wawili tumebaki ndani. Wako watu wa Bukavu wanaofika Dubai kutafuta biashara. Mimi nikienda Nyawera naaga watoto. Nyuma ya nyumba nina meza, jiliwa la kubania chuma na tupa ya kukikwangulia, na hapo ninatengeneza visu vya inox, chuma kile kisichoshika kutu, kwa sababu akina mama wauza samaki mikono yao haikauki na hawataki kisu kinacholia machozi mekundu. Mpini naufanya kwa mti wa mpera. Mke wangu anasema ni kazi nzuri kwa mwanaume anayeogopa mvua.

Visu vyangu vya kwanza vilimetameta kama bwana harusi, na kama bwana harusi, mfupa wa kwanza wa mbuzi uliviinamisha. Vilipoteza makali kabla ya saa sita mchana. Mama mmoja wa sokoni alipanda mlima mzima hadi kwangu na kisu kilichojikunja, akakiweka mezani kwa adabu zote. "Papa," akasema, "nimekurudishia kijiko yako."

Kumbe kisu hakikamiliki kwa kuchongwa. Kinataka kupelekwa kwenye moto mkali, kikae humo kipate kukomaa, kisha kipoe kwa namna yake. Chuma cha kawaida mhunzi anaweza kukiweza kwa makaa. Inox inataka moto ambao makaa hayafiki, au yakifika hayatulii. Nilimpelekea mhunzi wa majembe, akavuta mivukuto mpaka jasho likamwisha, akatumbukiza kisu changu kwenye mafuta machafu ya gari, kikatoka cheusi, lakini laini vilevile. "Hii chuma haina masikio," akanieleza. Wa gereji alikiwasha kwa moto wa kulehemu, kikatoboka. Nikarudi nyumbani nikaamua kwamba Mungu hakunipangia kuwa fundi wa visu, jambo ambalo mke wangu alikuwa amelitambua bila kutumia makaa.

Jino ndilo lililonitoa nyumbani. Liliuma mpaka nikaenda kliniki moja ya Ibanda, likang'olewa, na daktari akaniambia kama sitaki kubaki na shimo nizunguke nyuma ya jengo, kuna mzee anayetengeneza meno. Nikazunguka na pamba mdomoni. Kilikuwa chumba kidogo, rafu zimejaa taya za plasta, zote zinakucheka. Kwenye kona palikuwa na tanuru la umeme, ukubwa wa kreti ya bia. Humo ndimo alimokaushia kalibu za plasta za meno ya chuma kabla ya kumimina chuma kilichoyeyuka. Sikuuliza tena habari za jino. Niliuliza, na pamba yangu, moto wake unafika wapi.

Akanitazama mdomo kwa muda. "Unataka kupika nini?"

Kesho yake nilimletea visu. Alivuta kutoka mfukoni sumaku ndogo iliyofungwa kwa uzi, akaining'iniza juu ya kisu cha kwanza. Ikabaki inaning'inia. Cha pili, vilevile. Cha tatu, ikapita kama mtu anayepita kwa mdai wake. Akanirudishia vyote. Akasema hizi ni karai za jikoni, na karai hata uipeleke jehanamu itarudi karai. Kweli nilikuwa nimevikata kutoka beseni la kuoshea vyombo. Nilikuwa nimechagua beseni kwa sababu linang'aa. Ilinibidi kutafuta inox ile ambayo sumaku inaikamata, nikaipata kwenye mabamba ya mashine chakavu ya kukatia nyama, na safari ya pili sumaku ikaruka yenyewe na kushika, paa! Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoona meno yake mwenyewe. Yalikuwa kama mahindi yaliyokosa mvua. Mtu aliyewapa nusu ya mji meno, yeye alibaki na yale ya Mungu, na alikuwa anamenya miwa nayo kwenye kizingiti cha labo, kile chumba chake, mbele ya wagonjwa, kama tangazo la kinyume.

Namna yake ya kupika kisu sijaiona kwa mwingine. Alikipaka ile plasta ya meno, tabaka jembamba, ili moto usikitafune ngozi. Alikiweka tanuruni lingali baridi, vikapata joto pamoja, kwa sababu alisema chuma hakipendi kushtuliwa, wala watu. Kikishafika moto wake alianza kuhesabu, na hakuhesabu kwa saa. Alihesabu kwa tasbihi. Alizungusha shanga polepole, midomo inacheza, na zikifika mwisho wake alifungua. Niliwahi kumuuliza kama Mungu hachukii kufanywa saa ya ukutani. Akajibu kwamba Mungu anatajwa, kisu kinaiva, nani amepoteza? Mimi ni Mkatoliki. Nyumbani nilijaribu kupima kwa rozari nikichemsha maharage, na naweza kuwahakikishia kwamba mafumbo yote ya uchungu hayatoshi kwa maharage yanayotoka Walungu.

Kisu kikitoka alikibana katikati ya vipande viwili vinene vya aluminiamu, alivyomiminiwa na vijana wanaotengeneza sufuria, kipoe kimenyooka. Halafu alikipeleka jikoni kwa mke wake, ambaye mtaa wote unamwita Maman Mandazi kwa kazi yake. Maana kisu kilichotoka kwenye moto ule ni kigumu lakini kina hasira, kikianguka kinapasuka. Kinataka joto dogo la kukibembeleza. Maman Mandazi alipomaliza kukaanga, visu vyangu vililala kwenye mafuta yake mpaka alipotosheka. Wateja wangu waliniambia visu vinanukia vizuri. Sikuwaeleza.

Alikuwa na vituko vyake. Alikomaza visu lakini aliogopa makali. Kisu kilichonolewa hakukishika, na nyama ya nyumbani alikatiwa na mke wake. Alikataa kabisa kumpigisha mtu stori tanuru likiwa linawaka, halafu likizimwa alizungumza mpaka unatafuta kofia. Kiswahili chake cha kila siku kilikuwa hiki chetu, cha iko na haiko. Lakini akikasirika, Kiswahili kilioga, kikavaa kanzu, kikaja na ngeli zote. Mtu akimwambia "Hili jambo lako halinipendezi hata kidogo, bwana," ujue umeharibu, na uende. Meno ya plastiki yanayokuja kwenye katoni aliyaita vifungo vya shati. Na hivyo vifungo ndivyo vilivyomwondoa kazini. Wafanyabiashara waliyaleta kwa wingi, kliniki ikayachukua, na ule ukuta wa taya ukaanza kushika vumbi. Mwishoni hakuna aliyezunguka nyuma ya jengo isipokuwa mimi, na wenye kliniki wakamwambia achukue tanuru lake aende nalo nyumbani. Akalibeba kwa mkokoteni hadi chumba cha uani, amelishika kwa mikono miwili njia nzima kama mgonjwa.

Sasa mambo ya macho.

Tanuru lilikuwa na mshale wa kuonyesha joto. Kwa meno ulitosha. Visu vyangu vilihitaji kupanda zaidi, na huko juu mshale ulikuwa umekufa zamani. Ulifika mahali ukasimama kama punda. Kuanzia hapo hakukuwa na kipimo isipokuwa rangi ya moto wenyewe, na rangi inaonwa kwa jicho tupu. Alifungua kimlango, akaweka uso karibu, akatazama ndani, akafunga. Tena na tena. Nilimnunulia miwani myeusi ya walehemu. Aliivaa, akatazama, akaivua akanirudishia kwa upole. Kwa hiyo miwani, akasema, dunia yote ni usiku, sasa atajuaje kama kumekucha?

Kwanza alikuwa anapangusa macho kwa leso. Baadaye akaanza kuwaomba watu wasogee mwangani awaone midomo. Halafu siku moja akaniita kwa jina la mtu mwingine, mwenye meno kamili, na nikafurahi kwa dakika moja kabla sijaelewa. Mke wake alimpeleka hospitali. Walimweleza kwamba si lile wingu la uzee tu, ambalo linaweza kuondolewa. Ndani kabisa, nyuma, kumeungua. Daktari akauliza anafanya kazi gani. Papa Fundi akajibu anatengeneza meno. Maman Mandazi akajibu anapika visu.

Alinivizia mlangoni, yule mama. Hakunitukana. Alikuwa na unga mikononi, akanieleza taratibu kwamba mume wake hawezi kunikatalia, kwa hiyo anakuja kuniomba mimi. "Papa, weye njo uko na miguu," akasema. "Usizilete huku."

Kutokwenda mahali ni kipaji changu. Nilikaa nyumbani majuma mengi, nikachonga mipini, nikawaambia akina mama wa samaki kwamba chuma hakipatikani. Nilijiona mtu mwema sana, na bila kutoka jasho. Halafu alasiri moja nikasikia pikipiki inahangaika kupanda njia yetu, ambayo hata mbuzi wanaifikiria mara mbili, na aliyeshuka ni yeye, amejaa vumbi, anapapasa ukuta. Mke wangu akampa kiti. Akakataa chai. Alikaa uso umeelekea upande wa jiko letu, akitafuta mimi niko wapi, nami nikakohoa ili anipate.

"Pengo," akasema, "ni wewe sasa unaninyima moto?"

Nikamwambia habari ya macho yake. Nilisema kwa ustadi, kama mtu aliyesoma, na nadhani nilitumia neno jukumu. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Kama sipike, niko nafanya nini na macho? Naangalia ukuta. Ukuta nimeshauona." Akaongeza kwa kile Kiswahili cha kanzu, polepole, kwa hiyo nikajua amekasirika kweli: "Usinihurumie kwa kunizika."

Mke wangu, ambaye kwa kawaida hukaa upande wa wenye akili, alinitazama na kuinua mabega. Nikaenda ndani, nikatoa visu. Nililipa pikipiki tukashuka wote watatu, mwendeshaji mbele, yeye katikati, visu vyangu vimefungwa kwenye gazeti juu ya mapaja yake. Maman Mandazi alipotuona akaingia jikoni, akafunga mlango, na juma hilo visu viliiva kwenye mafuta niliyonunua mwenyewe.

Tuliendelea hivyo. Sitaki kusema alikuwa na furaha, kwa maana hakuwa mtu wa furaha. Lakini siku ya moto alivaa shati safi. Kila tulipopika aliona kidogo kuliko mara iliyotangulia, na hakusema. Mimi nilijua kwa sababu alikuwa anasogeza uso karibu zaidi na kimlango, mpaka siku moja nyusi zake zikanuka kuungua. Visu vilikuwa bado vizuri. Hilo ndilo jambo gumu kueleza. Vingeharibika, tungekuwa na sababu ya kuacha.

Halafu wenye silaha wakaingia, mji ukabadilisha mikono, mnajua, na kila mtu akawa mtu wa nyumbani. Nilikuwa mtaalamu peke yangu kwa miaka mingi, ghafla nikapata wanafunzi mji mzima. Benki zikafungwa, umeme ukawa unakuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Miezi ikapita bila mimi kushuka. Nilipata habari zake kwa wateja wa mandazi, na hazikuwa habari, zilikuwa eko tu, yaani yupo, eko anakaa.

Niliposhuka mara ya mwisho ilikuwa asubuhi, umeme umerudi tangu alfajiri na watu wote wanachaji kila kitu wanachomiliki. Nilikuwa na visu vichache. Maman Mandazi alifungua mlango mwenyewe. Amekonda. Nikaanza kujieleza, akapisha njia.

"Ingia," akasema. "Haiko tena kitu ya kulinda."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na tanuru, mikono magotini. Nikasema ni mimi. Akageuza sikio. Aliuliza nina vingapi, akavipima kwa vidole kimoja kimoja, akavipaka plasta bila kumwaga hata tone, akaviingiza. Mikono yake ilikuwa inajua nyumba yote. Tulikaa kimya kama kawaida yake moto ukiwa unawaka, na tanuru likaanza kuunguruma. Muda ulipofika akaniambia nifungue, niangalie, nimtajie rangi.

Nilikuwa sijawahi kuangalia. Miaka yote hiyo, nilikuwa nasimama nyuma yake. Joto lilinipiga usoni nikarudi hatua, nikamwambia ni nyekundu.

"Nyekundu ni nyingi. Kama nini?"

Nikasema kama mawese. Akasema funga. Baadaye nikasema kama chungwa. Funga. Mara ya tatu nilitafuta neno, nikamwambia ni kama kiini cha yai, lakini la kuku wa kienyeji. Akaguna kwamba hapo ndipo, akatoa tasbihi. Midomo ikacheza. Shanga zilipofika mwisho nilishika koleo nitoe visu, na nikafungua kimlango, naye akainuka.

"Sogea," akasema.

Nikasogea. Aliinama, akaweka uso pale mbele ya moto, karibu kuliko nilivyowahi kumwona, na macho yake, ambayo asubuhi yote yalikuwa yanaelea tu, yakasimama.

"Hii bado naiona," akasema. "Ni kadogo. Ni kama dirisha ya nyumba ya mbali."

Kisu cha inox kinatakiwa kutoka upesi. Mlango ukiwa wazi tanuru linajikatia umeme, joto linakimbia, na kisu kikipoa humo ndani kwa uvivu hakikomai tena, ni kazi bure. Yeye ndiye aliyenifundisha hivyo, kwa kunifokea. Nilisimama na koleo mkononi. Kiini cha yai kikawa chungwa. Nikafungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Chungwa likawa mawese, mawese yakawa kama damu iliyokaa, na yeye alikuwa bado ameinama, mwanga unapungua usoni mwake kidogo kidogo, kuanzia kwenye paji. Sikuhesabu. Alibaki ameinama mpaka ndani kukawa kweusi, na hata baada ya hapo alibaki kidogo.

Kisha akanyoosha mkono nimpe koleo na visu vyake. Alivibana kwenye aluminiamu kana kwamba bado kuna cha kubana. Vilipopoa alibandua plasta kwa kucha, akaomba tupa, akaipitisha kwenye ukingo wa kisu. Juu ya kisu kilichokomaa, tupa huteleza na kulia kama kioo. Hii ilikwaruza, ikala, vumbi la chuma likamwangukia gotini. Akaipitisha tena, taratibu, amelaza kichwa.

"Zilikufa," akasema.

"Zilikufa, Papa."

"Na wewe ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona."

Aliweka tupa chini. Nilingoja kile Kiswahili cha kanzu.

"Aksanti," akasema, akaanza kupapasa ukutani, kwa kiganja, akitafuta swichi ya kuzimia tanuru. Ilikuwa chini kidogo ya mkono wake, upande wa kulia. Nilimwacha aitafute mwenyewe.